Maswali ya Wasomaji: Umbali wa Anga na Muda wa Safari za Ndege

Barua kadhaa tulizopokea katika wiki za karibuni zimegusa jambo moja, ingawa waandishi wake wako mbalimbali: namna ya kuoanisha kilomita zinazotajwa baina ya miji miwili na saa ambazo abiria hukaa ndani ya ndege. Tumezikusanya hapa na kuzijibu kwa pamoja, kwa kuwa jibu la barua moja mara nyingi linasaidia kuielewa nyingine.

Tiketi inasema saa saba, jirani anasema kumi na tano

*Ndugu Mwandishi, kijana wangu anasoma Marekani, na mwezi wa Desemba ninakusudia kwenda kumtembelea kwa ndege iendayo moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Tiketi yangu inaonyesha kuondoka 23:00 na kufika 06:00 siku inayofuata. Nikihesabu ninapata saa saba tu. Jirani yangu aliyewahi kusafiri njia hiyo anaapa kwamba alikaa ndani ya ndege saa 15, na kwamba wakati wa kurudi zilipungua. Nimwamini nani?*
*Mama msomaji, Mombasa*

Shikamoo Mama. Waamini wote wawili, kwa sababu tiketi na jirani havipingani. Saa zinazochapwa kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kuondoka ni saa ya Nairobi, na ya kufika ni saa ya New York. Mwezi wa Desemba New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ndege itakapotua kule ikiwa 06:00, yaani saa kumi na mbili alfajiri, huku Mombasa itakuwa saa nane mchana. Kutoka saa tano usiku mpaka saa nane mchana ni saa 15 kamili, na hizo ndizo alizozihesabu jirani yako kwa mgongo na magoti yake.

Wakati wa kurudi hesabu hugeuka. Tuseme unaondoka New York 12:30 mchana na kufika Nairobi 10:30 asubuhi ya siku ya pili. Kwenye karatasi zinaonekana saa 22, lakini ukitoa zile 8 za tofauti ya majira zinabaki 14. Ongeza jambo moja ambalo huwachanganya hata wazoefu: Marekani husogeza saa mbele kila Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakati sisi wa Afrika Mashariki hatugusi saa zetu mwaka mzima. Kwa hiyo katika kipindi cha kati ya Machi na Novemba tofauti huwa saa 7, na tiketi ya safari ileile inaweza kuonyesha saa nyingine ya kufika bila ndege kuwa imeongeza au kupunguza mwendo.

Sasa, kwa nini kwenda kuzidi kurudi, ilhali umbali ni uleule? Baina ya viwanja vya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy kuna takriban kilomita 11,840. Shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787, lilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, na sababu kubwa ya tofauti hiyo ni upepo. Katika mwinuko wa kilomita 10 hivi, ambako ndege kubwa husafiria, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya Kaskazini, na mikondo hiyo hupata nguvu zaidi wakati wa kipupwe cha huko. Si jambo la ajabu kasi yake kuvuka kilomita 160 kwa saa, na siku nyingine huwa kali kuliko hapo. Ndege inayokwenda New York hupambana nao usoni, na inayorudi husukumwa nao kwa nyuma.

Tuweke tarakimu. Ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa ikikabiliwa na upepo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa njia nzima, kasi yake juu ya ardhi itakuwa 860, nayo itamaliza kilomita 11,840 kwa saa 13 na dakika 46. Ikisukumwa na upepo huohuo itakwenda 940, na itamaliza kwa saa 12 na dakika 36. Hapo tayari pana tofauti ya saa moja na dakika 10. Nimechukua wastani wa 40 tu kwa sababu sehemu kubwa ya njia hii iko juu ya Afrika, ambako karibu na ikweta upepo wa juu si mkali kiasi hicho. Mapambano yenyewe huanza ndege inapoingia baharini. Ukiwa ndani, Mama, fungua ramani kwenye kioo kilicho mbele ya kiti chako na utazame kasi ya ndege: utaiona ikishuka polepole baada ya kuiacha pwani ya Moroko, ingawa mngurumo wa injini haubadiliki.

Mfano mkubwa wa nguvu ya upepo huo ulionekana Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikivuma kuelekea Ulaya. Ndege ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, wala rubani hakuwa ameongeza chochote kisicho cha kawaida. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimbeba.

Huenda pia ukajiuliza kwa nini safari hiyo huondoka usiku. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa abiria, mizigo na mafuta ya saa 15 hupaa kwa urahisi zaidi kukiwa na baridi. Na kuna faida nyingine: unafika alfajiri, una siku nzima ya kuunganisha safari kwenda alipo kijana.

Kilomita nikizigawa hazitoi muda wa tiketi

*Mwandishi, nimeangalia kwenye intaneti umbali wa anga kutoka Dar es Salaam hadi Muscat nikaambiwa ni kilomita 3,970. Ndege inakwenda 900 kwa saa. Nikigawa ninapata saa 4 na dakika 25, lakini tiketi ya mwanangu inaonyesha safari ya zaidi ya saa 5. Hiyo saa moja inakwenda wapi?*
*Msomaji, Muscat*

Umbali ulioupata ni sahihi, na kugawa kwako ni sahihi. Ila kilomita 900 kwa saa ni kasi ya ndege ikiwa imeshatulia angani, na hakuna ndege inayoanza au kumaliza safari kwa kasi hiyo.

Fikiria mlolongo wenyewe. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi kuwa ya kuondoka si ile ya magurudumu kuachana na ardhi. Ni ile ambayo ndege, milango ikiwa imefungwa na vizuizi vya magurudumu vimeondolewa, inaanza kusogea kutoka ilipoegeshwa. Baada ya hapo hujikongoja kuelekea kwenye njia ya kurukia, husubiri ruhusa ya mnara, hungoja ndege nyingine itue, ndipo hupaa. Inapopaa huchukua muda mzuri kabla ya kufika mwinuko wake wa kawaida, na wakati wote huo inakwenda taratibu kuliko 900. Kushuka nako huanza mapema, mara nyingi kilomita 200 na kitu kabla ya kutua, na karibu na uwanja wenye shughuli nyingi waongozaji wanaweza kuizungusha mpaka zamu yake ifike. Na saa ya kufika iliyo kwenye tiketi ni ya ndege kusimama kabisa kwenye maegesho. Mashirika pia huongeza dakika za akiba katika ratiba, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la busara, japo wapo wanaoliona kuwa ni ujanja wa kutafuta sifa ya kufika kabla ya wakati.

Ukitaka hesabu ya haraka ya ndege za jeti, gawa kilomita kwa 800 badala ya 900, kisha ongeza nusu saa. Kwa Dar es Salaam na Muscat utapata karibu saa 5 na nusu. Kwa Nairobi na Johannesburg, kilomita 2,910, utapata saa 4 na dakika 8. Kwa Nairobi na London, kilomita 6,840, utapata saa 9 na dakika chache. Ni makadirio tu, lakini kwa mtu anayepanga nani aende kumpokea mgeni yanatosha.

Usisahau kwamba Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 1. Ndege itakayotoka Dar 15:00 na kukaa njiani saa 5 na nusu itafika huko 21:30. Ikirudi na kuondoka 09:00, itafika Dar 13:30. Ndiyo maana kwenye karatasi kwenda huonekana kurefu kuliko kurudi kwa saa 2 nzima. Na kwa kuwa wasomaji wetu wa Ghuba hupenda kubishana jambo hili: Dubai na Muscat ziko karibu umbali uleule kutoka Dar es Salaam, zikipishana kwa kilomita chache sana, ingawa majirani hao wawili wametengana kwa mwendo wa saa kadhaa wa gari.

Dar hadi Mwanza, ndege mbili, muda tofauti

*Safari moja nilifika kwa saa moja na nusu, safari nyingine karibu saa mbili, na hali ya hewa ilikuwa nzuri siku zote mbili. Je, rubani wa pili alipita njia ndefu?*
*Msomaji, Mwanza*

La hasha. Bila shaka ulipanda ndege za aina mbili. Umbali wa anga ni takriban kilomita 850, pungufu sana ya zile zaidi ya 1,100 ambazo basi hulazimika kupita kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga. Ndege ya jeti kama Airbus A220 husafiri kwa kasi ya kilomita 830 hivi kwa saa, wakati ndege ya mapangaboi kama Q400 huenda kwa takriban 650, na ATR 72 huwa chini zaidi, karibu 500. Kwa umbali wa Mwanza tofauti hiyo inaonekana. Kwa umbali wa Dar es Salaam na Unguja, ambao baina ya viwanja ni kilomita 73 tu, haionekani: dakika 20 za safari hiyo zote ni za kupaa na kushuka, na jeti haipati hata nafasi ya kuonyesha mbio zake. Aina ya ndege huandikwa kwenye tiketi, karibu na namba ya safari, nayo inafaa kutazamwa kabla ya kulipa.

Kwa nini mstari hupinda?

*Nasafiri kati ya Nairobi na London karibu kila mwaka. Miaka hii naona ramani ya ndani ya ndege inaonyesha tumekwenda upande wa Bahari ya Shamu kisha Misri, ilhali zamani tulinyoosha. Na hata rafiki yangu aliyekwenda New York anasema mstari wao ulipanda juu kama upinde. Je, si hasara ya mafuta?*
*Msomaji, Uingereza*

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini asili yake ni mbalimbali.

La rafiki yako ni la ramani. Dunia ni mviringo, na ramani iliyobandikwa ukutani ni bapa, kwa hiyo njia fupi kabisa juu ya mviringo huonekana imepinda inapochorwa kwenye karatasi. Chukua uzi, ushike mwisho mmoja pale Nairobi na mwingine New York juu ya tufe la darasani, kisha uukaze. Utauona unapita Sudan Kusini, Darfur, mpakani mwa Chad na Niger, unakata Aljeria na Moroko, unaingia Atlantiki, na unapanda kidogo kuipita latitudo ya New York kabla ya kuushukia mji huo. Sasa chora mstari ulionyooka kwenye ramani ya kawaida ya baharini, ile ambayo Mercator aliibuni mwaka 1569: huo utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mali, na utakuwa mrefu kuliko ule wa uzi kwa takriban kilomita 350. Ule ulioonekana umenyooka ndio mrefu, na upinde ndio wa mkato.

La kwako ni la kuzunguka kwelikweli. Njia fupi ya Nairobi na London hupita juu ya Sudan Kusini, Sudan, Libya, kisha Bahari ya Mediterania na Sisili. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa kwa safari za kawaida, na ndege zilizokuwa zikipita pale zikalazimika kufuata upande wa Bahari ya Shamu na Misri au kuzungukia upande wa Chad. Anga ya Libya nayo mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa tangu machafuko ya 2014. Mwezi Agosti 2023 watawala wapya wa Niger nao walifunga anga yao, wakaifungua Septemba. Nchi hizo tatu zimepangana bega kwa bega kutoka Sudan hadi katikati ya Sahara, na ndani ya wiki hizo abiria wa kati ya Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara aliyelipia njia fupi alipewa ndefu. Ndiyo, ni hasara ya mafuta, na pia ya muda, ila hakuna rubani wala shirika lenye hiari katika hilo.

Hata pasipo vita, ndege haifuati uzi huo sawasawa. Hupita njia za anga zilizokubaliwa baina ya nchi, hupishana na mawingu ya radi ambayo karibu na ikweta hupanda juu kuliko ndege yenyewe, na wakati mwingine huchagua kwa makusudi njia ndefu ya kilomita ili ikwepe upepo mkali na kufika mapema. Programu za intaneti zinazokupa umbali wa miji miwili hukupa ule wa uzi, wala hazijui lolote kuhusu Khartoum.

Dunia ikizunguka, ndege haisaidiwi?

*Mwalimu alitufundisha kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki. Basi ndege ikipaa na kuelekea magharibi, mji inaoufuata si unaijia?*
*Mwanafunzi, Kigoma*

Swali zuri, na limewatatiza watu wazima wengi. Hapa kwetu karibu na ikweta ardhi huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa huzunguka pamoja nayo, na ndege hali kadhalika kabla na baada ya kupaa. Ukiwa ndani ya treni ya Mombasa na Nairobi, ukasimama na kutembea kuelekea behewa la nyuma, behewa hilo halikujii mbio kwa sababu treni inakwenda. Unatembea kwa hatua zako mwenyewe, kama vile treni imesimama. Kama dunia ingekuwa inateleza chini ya ndege, basi safari ya Nairobi hadi New York ndiyo ingekuwa fupi na ya kurudi ndefu, na barua ya kwanza hapo juu imekuonyesha kwamba mambo ni kinyume. Mzunguko wa dunia una mchango mmoja tu hapa: unashiriki kuupa upepo wa juu mwelekeo wake wa kwenda mashariki.

Namba tatu za umbali mmoja

*Naona Nairobi hadi New York imeandikwa 11,840, kwingine 7,355, kwingine 6,390. Ipi ya kweli?*
*Msomaji, Nakuru*

Zote. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, kila moja ikiwa kilomita 1.609; ya tatu ni maili za baharini, ambazo tangu makubaliano ya kimataifa ya 1929 zina mita 1,852 kila moja. Marubani walizirithi hizi za mwisho kutoka kwa manahodha, nao hawana mpango wa kuziacha.

Ijumaa 00:45

*Mama yangu ana safari, tiketi imeandikwa Ijumaa 00:45. Ndugu zangu wanasema tumpeleke uwanjani Ijumaa usiku baada ya Isha. Ni sawa?*
*Msomaji, Unguja*

Si sawa hata kidogo, na ninakusihi uwaonyeshe jibu hili leo. Katika saa za tiketi siku huanza 00:00, ambayo ni saa sita usiku. Ijumaa 00:45 ni saa saba kasorobo ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Mkienda Ijumaa baada ya Isha, ndege itakuwa imeondoka kwa karibu saa 20, na mama atalazimika kununua tiketi nyingine. Wazee wetu, ambao kwao siku huingia jua linapokuchwa, wangeuita usiku huohuo usiku wa Ijumaa, na hesabu yao ingewafikisha uwanjani kwa wakati. Tatizo linaanzia kwa sisi tunaochanganya hesabu mbili. Mfikisheni Alhamisi jioni, kabla ya saa nne kasorobo usiku, ili awe na saa 3 za kukaguliwa na kukabidhi mizigo. Na Alhamisi hiyohiyo asubuhi mpigie simu wakala wa tiketi umuulize kama saa ya kuondoka imebadilishwa.